Mstari wa Mzee

"Kijana, mimi sikulipia povu."

Mwaka ule nilioacha chuo, hayo maneno niliyasikia kuliko jina langu. Karo ilikuwa imekwama nikiwa mwaka wa tatu, nikapata kazi ya kumimina keg kwenye baa moja ya mabati mtaani. Hesabu ya mdosi ilikuwa rahisi. Pipa lina lita 50, magi ni nusu lita, kwa hivyo pipa linatoa magi 100. Yeye alitaka 108. Zikipungua, anakata mshahara wangu. Sasa hizo nane zingetoka wapi kama si kwa povu?

Kulikuwa na mzee wa mjengo mwenye magi yake mwenyewe. Alikuwa ameikwaruza ubavuni kwa msumari, mstari mmoja tu. Povu likitulia na kinywaji kikose kufika hapo, anairudisha kaunta bila kelele. "Ongeza, kijana wangu." Nilikuwa namchukia kidogo. Kila tone lililofika kwa mstari wake lilikuwa linatoka mfukoni mwangu.

Usiku nikifika nyumbani nilianza kusoma kwa simu kuhusu vikombe vya bia, nikakuta ugomvi wetu ni wa kitambo sana. Magna Carta ya 1215, ile tulikaririshwa kama mambo ya wafalme na haki, ina kifungu cha 35 kinachotaka Uingereza nzima iwe na kipimo kimoja cha divai, kimoja cha bia na kimoja cha nafaka. Yaani watu walikuwa wamepunjwa hadi jambo likaingia kwenye mkataba na mfalme.

Kuandika ni rahisi, lakini nani atasimamia? Karne ya 17 ikielekea kwisha, chini ya William III, Bunge lao likapitisha sheria kwamba bia iuzwe kwa chombo kilichopigwa muhuri wa taji na herufi WR. Alama ya mfalme kwenye kikombe cha mlevi! Ilihitajika, kwa sababu vyombo vingi vilikuwa vya udongo au vya bati, na huwezi kuona ndani. Unaona povu juu, hapo chini ni imani tu. Glasi zilikuwepo ila zilitozwa ushuru mkubwa, hadi ulipofutwa 1845. Hapo ndipo zikaanza kumfikia mnywaji wa kawaida, naye akaona anachouziwa.

Kipimo chenyewe kilinyooshwa 1824. Kabla ya hapo galoni ya bia na galoni ya divai zilikuwa tofauti. Painti ikawa moja ya nane ya galoni mpya, mililita 568 kwa hesabu ya leo. Wamarekani walibaki na galoni ya zamani ya divai, ndiyo maana painti yao ni mililita 473. Mtu wa London akienda New York anapunjwa kihalali.

Kuhusu maumbo sitachukua muda. George Orwell, akiandika 1946 kuhusu baa ya ndoto zake, alisema haiwezi kufanya kosa la kuuza painti kwa glasi isiyo na mkono. Namuunga. Ile glasi yenye uvimbe karibu na mdomo inasaidia zaidi mwenye baa: ukingo haumeguki ovyo, na ukizipanga hazinasi.

Kilichonishika ni povu. Uingereza kuna glasi zenye mstari, povu linakaa juu yake. Na kuna zile ambazo painti inafika ukingoni kabisa, kwa hivyo povu linakula haki yako. Kwa hizo, mwongozo wa wafanyabiashara wenyewe unasema kinywaji kisipungue asilimia 95. Nikapiga hesabu. Lita 50 kwa magi 108 ni mililita 463, asilimia 93 hivi. Mdosi wangu alikuwa anaiba kuliko wanavyoruhusiana huko.

Zamani kwa nyungu ya busaa hili swali lilikuwa dogo. Wazee wameizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, ule Wajaluo wanauita oseke, na anayevuta kwa pupa anaonekana na wote. Senator Keg ilipoanza 2004, ilikusudiwa mtu ambaye chaguo lake lingine ni chang'aa. Mtu huyo anahesabu shilingi kabla ya kuketi. Mililita 37 kwake si mchezo.

Siku moja magi ya mzee ilipasuka. Akaja na nyingine mpya, msumari, na chupa ya maji ya nusu lita. Aliyamimina yote ndani, nikamshikia tochi akichora.

"Na za hawa wengine?" akauliza, akiangalia rafu.

Tulichora kumi na mbili jioni ile, kabla mdosi hajafika. Mwisho wa mwezi nilikatwa.