Mwislamu mwenye huzuni anaomba namna gani?
Sala 5 za kila siku ni lazima. Lakini Mwislamu aliyefiwa ao aliyekimbia vita anaweza kuongeza tahajudi, sala ya usiku, wakati wengine wamelala. Kwenye sijda, paji la uso likiwa chini, ndipo wanaamini mtu iko karibu zaidi na Mungu. Hapo anamwaga yote ya moyoni.

Na kulia si zambi, hata kama wengi wanafikiri vile. Mtume Muhammad alilia mtoto wake Ibrahim alipokufa. Mwaka ambao alipoteza bibi yake Khadija na ami yake Abu Talib, karibu 619, unaitwa Mwaka wa Huzuni. Kinachokatazwa ni kupiga makelele na kupasua nguo.

Kisha sala, dua haiombi Kiarabu: Kiswahili, hata Kilega, vinafaa.