Presha ya ziada ndani ya krankikesi

Presha ya ziada ya krankikesi ni hali ambayo gesi hujaa chini ya pistoni za injini upesi kuliko inavyoweza kutoka. Krankikesi ni nafasi iliyo kati ya bloku na sampu, ambamo krankishafti huzunguka. Katika magari ya zamani hali hii hutambulika kwa matokeo yake: sili zinazovuja, dipstiki inayochomoka yenyewe, moshi unaofuka kwenye mdomo wa kumiminia oili. Mafundi wa Afrika Mashariki husema injini "inapumua".

Hakuna injini ya pistoni isiyovujisha gesi. Mchanganyiko unapowaka, presha juu ya pistoni huweza kupita bari 40, na ringi haziwezi kuziba kabisa kwa kuwa zina mwanya pale ncha zake zinapokutana. Gesi inayoponyoka hubeba mvuke wa maji, petroli isiyoungua na tindikali. Kuta za silinda zikilika, au ringi zikikwama kwa kaboni, gesi huongezeka. Hata hivyo, presha hutegemea pia njia ya kutokea, na hilo husahauliwa mno gereji. Injini yenye ringi nzima hupumua vilevile ikizibwa njia, na wenye magari wengi wamelipia kufunguliwa injini iliyohitaji mpira mpya tu.

Hadi miaka ya 1960 magari mengi yalikuwa na bomba wazi lililoelekea chini. Gari likitembea, upepo uliopita mdomoni mwa bomba ulivuta gesi. Gari likisimama, gesi ilitoka kivivu na kuchafua hewa. Mwaka 1961 California, iliyosumbuliwa na ukungu wa moshi, iliamuru magari mapya yawe na mfumo wa kurudisha gesi hiyo kwenye manifoldi ya kuingizia hewa ili ikaungue.

Kiini cha mfumo huo ni vali ndogo yenye springi. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, mvuto wa manifoldi ni mkali na vali hubana njia. Dereva akikanyaga, mvuto hupungua na springi huipanua. Mwali ukirudi nyuma, vali hufunga. Udhaifu wake huonekana mlimani, pedali ikiwa imekandamizwa hadi chini: gesi ni nyingi kuliko wakati wowote, ilhali mvuto umekaribia kwisha. Inayobaki hurudi kinyume kupitia mpira wa hewa safi hadi kwenye eya klina. Filta iliyolowa oili ni ushahidi wa mapema kuliko moshi.

Volvo 240, gari la Uswidi lililotengenezwa kuanzia 1974 hadi 1993, ni mfano mzuri. Kwenye injini zake za petroli za silinda nne, gesi hupita katika kisanduku cha kutenganishia oili kilichofungwa ubavuni mwa bloku, kisha katika kizuia moto, yaani kipande kidogo cha plastiki chenye matundu. Masizi na oili iliyoganda huziba matundu hayo. Gesi ikikosa pa kupita husukuma sili ya nyuma ya krankishafti, ambayo haibadilishwi bila kushusha giaboksi. Kipande chenyewe ni cha bei ndogo. Fundi akibadili sili na kukiacha kimeziba, sili mpya nayo itavuja.

Presha isiyo kubwa inatosha kuleta hasara: 0.1 ya bari huweza kuinua safu ya oili kwa kimo cha mita moja.

Uchunguzi huanzia kwenye njia ya kutokea. Glavu ya mpira hufungwa kwenye mdomo wa oili, dipstiki ikiwa mahali pake, injini ikinguruma polepole. Glavu ikilegea au kuvutwa ndani, mfumo unafanya kazi. Ikivimba, kuna presha. Vali huchomolewa na kutikiswa: nzima hugonga ndani, na kidole kikiwekwa mdomoni mwake injini ikiwaka husikia mvuto. Mipira hukaguliwa kwa kuifungua, kwa sababu mingi huonekana mizima nje huku ndani imevimba na kuzibana.

Njia ikiwa safi na presha ikabaki, hupimwa kompresheni. Silinda ya chini isipofikia asilimia 75 ya ile ya juu, hutiwa kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupimwa tena. Kipimo kikipanda, ringi au silinda zimechoka. Kipimo cha kupuliza hewa kwenye silinda, pistoni ikiwa juu na vali zimefungwa, husema zaidi. Hewa ikisikika kwenye mdomo wa oili, lawama ni ya ringi. Kwenye ekzosi, ni vali. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi.

Wapo wanaong'oa mpira na kuuachia nje. Presha hushuka kweli, lakini injini haivutiwi tena hewa safi, maji na tindikali hubaki ndani ya oili, na tundu lililoachwa wazi kwenye manifoldi huvuruga uwiano wa petroli na hewa. Chupa ya kunasia oili kati ya krankikesi na manifoldi ni bora, mradi imwagwe mara kwa mara. Hata hivyo haiponyi ringi zilizokwisha.

Dizeli za zamani zina mtego wao. Katika injini kama 2L na 3L za Toyota, pampu ya vakyumu ya breki imefungwa mgongoni mwa alterneta, na hewa inayovuta humwagwa ndani ya injini pamoja na oili. Busta ya breki au mpira wake ukitoboka, pampu huvuta hewa bila kikomo na injini hupumua kana kwamba ringi zimekufa. Gari likiwa limesimama na magurudumu yamewekewa vigingi, mpira huo huchomolewa kwenye busta na kuzibwa. Mpumuo ukipungua, injini haina haja ya kufunguliwa.