Jioni Inayoanza Saa Moja Usiku

Mtu yeyote mwenye kompyuta na intaneti anaweza leo kupakua bure ramani ya kelele za barabara na reli za England. Wizara ya mazingira ya huko, Defra, ndiyo inayoitoa, na toleo la 2022 limewekwa chini ya leseni ya wazi ya serikali, kwa hiyo unaruhusiwa kuitumia, kuichambua na hata kuichapisha upya mradi utaje ilikotoka. Ukiifungua, barabara kuu zinajichora zenyewe kwa rangi kali, na rangi inafifia kadiri unavyosogea mbali na lami. Kila rangi ina namba yake ya desibeli, na ubavuni mwa namba kuna herufi nne: Lden. Herufi hizo zinahitaji mfasiri makini. Atakayezigeuza Kiswahili neno kwa neno atampotosha msomaji kwa saa nne za kila siku.

Kipimo hicho kimewekwa na Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2002/49/EC, lililopitishwa tarehe 25 Juni 2002. L ni alama ya kiwango cha sauti. Herufi tatu zinazofuata ni vipande vitatu vya siku kwa Kiingereza: day, evening, night. Kamusi iliyo karibu itakupa mchana, jioni, usiku, na mfasiri mwenye haraka ataandika “kiwango cha mchana, jioni na usiku” kisha aendelee na kazi nyingine. Maneno hayo yanasikika vizuri masikioni, kosa limo kwenye saa.

Kwa mgawanyo wa kawaida wa agizo hilo, ambao England inaufuata, kipande cha kwanza kinaanza saa moja asubuhi na kuchukua saa kumi na mbili. Cha pili kinaanza saa moja usiku hadi saa tano usiku. Cha tatu kinaanza saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Sasa jiulize ni Mswahili gani anayeita saa tatu jioni. Jioni kwetu ni alasiri ikishapita, jua likiinama na watoto wakiitwa warudi nyumbani. Magharibi ikishaswaliwa, usiku umeingia. Taarifa ya habari ya saa mbili ni ya saa mbili usiku, na mtu akikuahidi kuja jioni kisha abishe hodi saa nne, utamwambia amekuja usiku. Hiyo “jioni” ya mgawanyo huo yote imo ndani ya usiku wetu.

Jambo hili lina uzito kwa sababu kila kipande kina hukumu yake. Kelele za mchana huhesabiwa kama zilivyo. Kelele za kipande cha pili huongezewa desibeli 5 kabla ya kuingia kwenye hesabu, na za kipande cha tatu huongezewa 10. Nyongeza hizo zinatokana na jambo linalojulikana: mngurumo uleule humuudhi zaidi aliyekwisha rudi nyumbani kupumzika, na humdhuru zaidi aliyelala. Msomaji akikuta neno jioni atadhani nyongeza ya 5 inaanguka kwenye saa kumi na moja, foleni ikiwa imefika kilele na honi zikilia. La hasha. Saa kumi na moja jioni, kwa kipimo hiki, ni mchana mtupu, na haipati nyongeza yoyote.

Tazama uzito wa nyongeza hizo kwa mfano mmoja. Chukua barabara isiyotulia wala kuzidi, inayotoa desibeli 60 saa zote 24. Lden yake haiwi 60, inakuwa 66.4. Saa kumi na mbili za mchana zimebaki na 60, saa nne zimehesabiwa kama 65, na saa nane za usiku kama 70. Mwanafunzi mwenye kikokotoo atapinga kwamba wastani wa namba hizo, kila moja kwa saa zake, ni 64.2. Angekuwa sahihi kama desibeli zingejumlishwa kama shilingi, lakini haziendi hivyo. Kila desibeli 10 zinazoongezeka ni nishati ya sauti mara kumi, kwa hiyo kinachotafutiwa wastani ni nishati yenyewe, kisha jibu linarudishwa kwenye desibeli. Katika barabara yetu hiyo, saa nane za usiku peke yake zinachangia zaidi ya robo tatu ya hesabu nzima. Ndiyo maana neno wastani likisimama peke yake halitoshi. Tuandike wastani wa nishati, na tulizoeze sikio.

Basi tukiite nini kipande cha pili? Magharibi ni neno la karibu, lakini ni wakati mfupi na una swala yake. Usiku wa manane uko mbali mno. Lugha ina jina lake tayari, usiku mchanga, ambao wengine huuita usiku mbichi: giza limeingia, watu wako macho, chakula kiko jikoni au mezani. Kipande cha tatu nakiita usiku wa kulala, kwa kuwa usingizi ndio sababu ya nyongeza yake. Kwa hiyo Lden iwe kiwango cha mchana, usiku mchanga na usiku wa kulala, na alama yenyewe ibaki Lden vilevile tunavyoandika kg bila kuitafsiri. Ndugu yake Lnight, anayepima usiku wa kulala tu bila nyongeza, naye abaki na alama yake.

Hata majina hayo hayatoshi bila saa kuandikwa kando, kwa sababu agizo linaziruhusu nchi kuchagua mchana uanze saa ngapi, na kupunguza kipande cha pili kwa saa moja au mbili. Ufaransa huanza mchana saa kumi na mbili asubuhi, na kipande chake cha pili ni kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku. Italia imekibakiza saa mbili tu, kutoka saa mbili usiku hadi saa nne. Kenya, katika kanuni zake za kudhibiti kelele na mitetemo za 2009, haina kipande cha kati kabisa: mchana wa kisheria unaishia saa mbili usiku, na hapo hapo usiku wa kisheria unaanza. Anayelinganisha namba za Nairobi na za Paris bila kutazama saa analinganisha siku mbili zisizo na umbo moja.

Neno kelele nalo lina mtego. Kwetu kelele ni za watu kwanza: acheni kelele, kelele za baa, vipaza sauti, kigodoro kinachokesha mtaani. Hizo hazimo kwenye ramani. Agizo la Ulaya limeziacha nje kelele za majirani, za ndani ya nyumba yako mwenyewe, za mahali pa kazi, za ndani ya vyombo vya usafiri na za shughuli za kijeshi kwenye maeneo yake. Kinachochorwa ni barabara, reli, ndege na maeneo ya viwanda. Istilahi inayofaa ni kelele za mazingira, na ifafanuliwe pale inapotajwa mara ya kwanza, la sivyo msomaji wa Manzese au Kisauni ataitafuta baa ya jirani kwenye ramani isiyoijua baa.

Tena, hakuna aliyesimama barabarani na kipima sauti ili kuichora. Ramani hizi hukokotolewa. Kompyuta hupewa idadi ya magari, mwendo wake, aina ya lami, kimo cha majengo na umbo la ardhi, kisha hukadiria sauti ya mwaka mzima kwenye vituo vilivyopangwa kama miraba ya daftari, mita nne juu ya ardhi, yaani karibu na dirisha la ghorofa ya kwanza. Waingereza huiita strategic noise map, na nimeona ikifasiriwa ramani ya kimkakati ya kelele. Tafsiri hiyo siikubali. Mkakati ni mpango wa kufikia lengo, na ramani hii haina mpango ndani yake. Mpango wa utekelezaji huandaliwa baadaye, kwa kuitegemea. Mimi ningeandika ramani ya makadirio ya kelele, ili aliyeishika ajue tangu kwenye jina kwamba ameshika matokeo ya hesabu. Hesabu yenyewe hubadilika pia. Ulaya imekubaliana njia moja ya ukokotoaji, CNOSSOS-EU, na England ilihamia kwenye njia ya aina hiyo kwa toleo la 2022. Mtaa uliobadilika rangi kati ya toleo la 2017 na hilo huenda haukubadilika chochote isipokuwa kanuni ya kuukokotoa.

Mahali peupe kwenye ramani panahitaji uangalifu kuliko penye rangi. Agizo linadai ramani kwa miji yenye zaidi ya watu 100,000, barabara kuu zinazopitwa na magari zaidi ya milioni 3 kwa mwaka, reli zenye treni zaidi ya 30,000, na viwanja vya ndege ambavyo ndege huruka au kutua zaidi ya mara 50,000. Mji mdogo wenye barabara ya magari milioni 2 haulazimiki kuchorwa. Hata palipokokotolewa, agizo linataka taarifa za watu kuanzia Lden 55 na Lnight 50 tu, na chini ya hapo huweza kubaki peupe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018 kwa kanda ya Ulaya, lilipendekeza kelele za barabara zishuke chini ya Lden 53 na Lnight 45, na za ndege chini ya 45 na 40. Maana yake familia inaweza kuishi kwenye weupe wa ramani na bado ikavuka kiwango ambacho wataalamu wa afya wanahofia kwamba kinadhuru moyo na usingizi. Weupe huo tuuite pasipotolewa taarifa. Asitokee mtu akapaita pakimya.

Na hiyo 55 isiitwe kikomo. Kikomo ni kiwango ambacho sheria inakataza kukivuka, kama Kenya inavyoweka desibeli 35 kwa makazi usiku. Agizo la Ulaya halikuweka kikomo chochote, liliziachia nchi wanachama. 55 ni kizingiti cha kutoa taarifa: nyumba ikikifikia, watu wake wanahesabiwa.

Pale sheria inapokataza kelele ndipo vibali na mipaka vinapoingia. England, viwanda vikubwa na madampo hufanya kazi kwa kibali cha mazingira chini ya kanuni za 2016, na orodha ya vibali iko wazi kwa umma. Kibali ni neno sahihi. Leseni tuiachie biashara na magari, na cheti tukibakize kwa tathmini ya athari kwa mazingira, kama Tanzania inavyofanya tangu sheria ya 2004. Lakini kwenye data ya ramani kibali huwa nukta moja tu. Kiwanda chenye ekari mia na karakana ya kona vinapata nukta ileile. Eneo halisi limo ndani ya kibali chenyewe, kwenye mchoro uliozungushiwa mstari wa kijani, na mstari huo una nguvu ya sheria: shughuli haziruhusiwi kuuvuka. Sharti la kawaida la kelele linasema zisifike nje ya eneo hilo kwa kiwango cha kuleta uchafuzi, na anayeamua ni ofisa wa mamlaka ya mazingira kwa jinsi alivyosikia yeye. Kwa hiyo mtu aliyeweka tabaka la kelele juu ya tabaka la vibali amelaza makadirio ya mwaka mzima juu ya hukumu ya sikio la siku moja. Vyote viwili vina kazi yake, lakini kimoja hakithibitishi kingine.

Mstari wa kijani ni mpaka. Kiswahili kinaliruhusu neno mpaka kubeba ardhi na kiasi pamoja, na kwenye maandishi ya kelele ruhusa hiyo inaleta mkanganyo, kwani “mpaka wa kelele” unaweza kuwa mstari uwanjani au namba kwenye kanuni. Tuligawe: mpaka kwa ardhi, kikomo kwa kiwango. Mipaka ya ardhi nayo ina tarehe. Tarehe 1 Aprili 2023 mkoa wa Cumbria ulivunjwa kiutawala, zikazaliwa halmashauri mbili, Cumberland na Westmorland and Furness. Aliyehesabu watu wanaofikiwa na kelele kwa mkoa mzima wa zamani hawezi kuilaza hesabu yake juu ya halmashauri mpya bila kuigawa upya.

Shirika la Mazingira la Ulaya linakadiria kwamba angalau mtu mmoja kati ya watano barani humo anaishi na kelele zinazodhuru afya, na limelijua hilo kwa sababu ya ramani hizi, pamoja na upungufu wake wote. Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi zitazihitaji, na siku zikichorwa zitakuja na istilahi za wenzetu. Kwa watakaozifasiri, na kwa BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania litakalozisanifisha, nina ombi moja: kila panapoandikwa Lden kwa Kiswahili, saa za kuanza na za kuisha kwa kila kipande ziandikwe hapo hapo, kwa saa za Kiswahili.