Akidi

Diwani wa Sumbawanga akiwahi barazani husubiri akidi: idadi ya wajumbe inayotosha kikao kuanza. Neno hilo nalitaka pia kwa bakteria wa togwa.

Ndani ya togwa ya ulezi, nafaka ya Ufipa tangu zamani, huzaliana Lactiplantibacillus plantarum (zamani Lactobacillus plantarum). Baadhi ya aina zake hutoa peptidi ndogo ya kuitana. Wakiwa wachache, ishara hupotelea kwenye uji. Wakijaa, ishara hulundikana, nao kwa pamoja huanza kutengeneza peptidi nyingine, hizi za kuua bakteria wa jamaa yao wanaogombea chakula kilekile. Vita vizima kwenye kibuyu!

Mwaka 1994 wanasayansi waliipa tabia hii jina lenye neno la Kilatini la vikao. Kwa Kiswahili tuseme kuhisi akidi.