Ubao wa Galileo na swali la mwendo

Kwa karibu miaka 2,000 wasomi waliulizana jambo moja: mshale ukishatoka kwenye upinde, ni nani anayeusukuma? Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyefariki mwaka 322 K.K., alijibu kwamba ni hewa. Kwake yeye hapakuwa na mwendo bila msukumaji, na kitu kizito kilianguka haraka kuliko chepesi kwa kadiri ya uzito wake.

Jibu hilo lilikuwa na mashiko. Sukuma mkokoteni wa magunia ya viazi, kisha uuache: baada ya hatua chache umesimama. Macho ya kila siku yalikuwa upande wa Aristotle, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumng'oa.

Waliojaribu walikuwepo. Katika karne ya 6 huko Aleksandria, Misri, Philoponus aliandika kwamba vitu viwili vya uzito uliopishana sana vikiangushwa pamoja, tofauti ya kufika chini ni ndogo mno. Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980, alifundisha kwamba mrushaji hukiachia kitu mwelekeo wa ndani, na pasipo kizuizi mwelekeo huo haukomi. Jean Buridan wa Paris, katika karne ya 14, akasema msukumo huo hutegemea kasi ya kitu na wingi wa maada yake. Vitabu vingi vya shule huwaruka watu hawa, na huko ni kuwadhulumu. Galileo alikuta njia imeshaanza kufyekwa.

Alichoongeza Galileo Galilei, mzaliwa wa Pisa wa mwaka 1564, ni kupima. Kitu kinachoanguka wima kilikwenda mbio kupita uwezo wa vyombo vya wakati wake, kwa hiyo aliupunguza kasi mwanguko wenyewe kwa kuulaza kwenye mteremko. Alichukua ubao wa urefu wa dhiraa 12 hivi, akachonga mfereji ulionyooka, mpana kuzidi kidogo kidole kimoja, akausugua mpaka ukateleza, kisha akautandika ngozi laini ya kuandikia. Humo akaachia gololi ya shaba nyeusi, ngumu na ya mviringo kamili.

Muda aliupima kwa maji. Chombo kikubwa kiliwekwa juu, kikiwa na mrija mwembamba chini yake uliotiririsha maji kwenye kikombe. Gololi ikianza safari, maji yanafunguliwa, ikifika, yanazibwa. Kisha maji yaliyokingwa yanawekwa kwenye mizani, na uzito wake ndio muda. Anaeleza kwamba alirudia mara 100 kamili, na kila mara jibu lilikuwa lilelile: muda ukiwa mara mbili, umbali ni mara nne, muda ukiwa mara tatu, umbali ni mara tisa. Kani isiyokoma huongeza kasi kila dakika inapoendelea kuvuta.

Hapo akapiga hatua kubwa zaidi. Gololi ikishuka mteremko mmoja na kupanda mwingine, hukaribia kimo ilichotokea. Laza ule wa pili zaidi, nayo itakwenda mbali zaidi. Je, ukilazwa kabisa? Gololi haina sababu ya kusimama. Kinachousimamisha mkokoteni ni msuguano, na msuguano nao ni kani. Kumbe lililohitaji maelezo ni kubadilika kwa mwendo, wala si mwendo wenyewe.

Kitabu chenye majaribio hayo kilichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638. Italia isingewezekana: mahakama ya Kanisa ilikuwa imemhukumu Galileo mwaka 1633, na kilipotoka alikuwa kifungoni nyumbani kwake karibu na Florence, kipofu. Mwaka 1644 René Descartes alisahihisha jambo moja muhimu, kwamba mwendo usioingiliwa hufuata mstari ulionyooka.

Isaac Newton aliyaunganisha yote mwaka 1687. Kanuni yake ya pili ndiyo kila mwanafunzi huikariri: kani ni sawa na tungamo mara mchapuko. Kitabu chake nusura kikwame, kwa sababu Jumuiya ya Kifalme ya London ilikuwa imemaliza fedha zake kwa kuchapisha kitabu cha samaki. Mwanafalaki Edmond Halley akalipia uchapishaji kutoka mfukoni mwake.

Katika karne ya 20 mwanahistoria Alexandre Koyré alitilia shaka kwamba maji na ubao vingeweza kutoa vipimo vya uhakika namna ile. Mwaka 1961 Thomas Settle, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alilirudia jaribio kwa vifaa vya aina ileile. Vipimo vikakubali.

Mwalimu wa sayansi unayesoma hapa, usiishie kuandika kanuni ubaoni. Tafuta ubao wa mita mbili wenye mfereji, inua ncha moja shubiri moja hivi, uweke alama kwenye sentimita 10, 40, 90 na 160 kutoka juu. Achia gololi, na wanafunzi wapige kofi kila inapopita alama. Waache wasikie wenyewe kwamba makofi yanalingana, ndipo uwaandikie kanuni.