Kutoka Tunguu hadi Mirihi: Nishati, Uimara na Udumifu

Kituo cha Tunguu, Unguja, kilichojengwa na Wamarekani mwaka 1960 kwa ajili ya mradi wa Mercury, kilikuwa na antena na redio za kuwasiliana na vyombo vya anga. Roketi hakikuwa nayo hata moja. Hata hivyo, waliokipinga walikiita kituo cha roketi, na neno hilo likazusha hofu, ikawa siasa. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kikaondolewa.

Chombo cha John Glenn, tarehe 20 Februari 1962, kilitumia betri, nazo zilitosha kwa safari ya saa tano hivi. Gari la kukaa sayarini kwa miaka lahitaji zaidi ya hayo. Opportunity, lililotua Mirihi mwaka 2004, lilipata umeme kutokana na jua. Lilikusudiwa kufanya kazi siku 90 za huko. Likadumu zaidi ya miaka 14, hadi tufani ya vumbi ya mwaka 2018 ilipolinyima jua. Curiosity, lililotua mwaka 2012, hutumia joto la plutoni, wala halijali vumbi. Lakini magurudumu yake ya alumini yametobolewa na mawe.

Rasimu tuzipokeazo hueleza hali zote mbili kwa neno uimara. Hatuafiki. La kwanza lilikosa nishati. La pili linayo, ila kiwiliwili ndicho kinachochakaa. Tunapendekeza udumifu kwa muda wa kazi, na uimara kwa kiwiliwili. Kwa chombo chenyewe, gari la sayari latosha, roketi lisiguswe.