Kiti cha Mwamuzi: Historia ya Mashindano ya Dragi Nchini Marekani, 1888–2023

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mashindano ya dragi nchini Marekani, kuanzia dansi za siri za Washington katika karne ya 19 hadi shindano la runinga la RuPaul's Drag Race lililoanza mwaka 2009. Hoja kuu ni kwamba historia hiyo haielezeki vyema kwa kufuata mavazi pekee. Hueleweka zaidi kwa kuuliza, katika kila kipindi, ni nani aliyeketi kwenye kiti cha mwamuzi na kwa lugha ya nani hukumu ilitolewa. Makala yanachunguza pia istilahi za sanaa hiyo na namna Kiswahili kinavyoweza kuzieleza kwa hazina yake chenyewe.

1. Utangulizi

Dragi ni sanaa ya jukwaani ambamo msanii, kwa kawaida mwanamume, huvaa, hujipamba na kuigiza kama mwanamke, mara nyingi kwa kutia chumvi. Msanii huyo huitwa malkia. Tarehe 2 Februari 2009, idhaa ya Logo ya Marekani ilirusha sehemu ya kwanza ya shindano la wasanii hao. Washiriki walikuwa 9 na zawadi ya fedha ilikuwa dola 20,000. Mshindi alikuwa BeBe Zahara Benet, mzaliwa wa Kamerun. Miaka michache baadaye shindano hilo lilikuwa na matoleo katika nchi kadhaa, na kuanzia mwaka 2018 hadi 2021 lilitwaa mfululizo tuzo ya Emmy ya kipindi bora cha mashindano.

Mafanikio hayo yamewafanya watazamaji wengi waione dragi kana kwamba ilizaliwa na runinga. Jungu kuu, hata hivyo, halikosi ukoko. Karibu kila kipengele cha shindano hilo, yaani kupita mbele ya waamuzi, kutaniana kwa maneno makali, cheo cha mama na jina la malkia lenyewe, kilikuwepo kabla ya mwaka 2009, na kilitoka kwa watu ambao hawakuwa na runinga, fedha wala ulinzi wa sheria.

2. Hakimu wa mahakama

Mtu wa mapema zaidi anayefahamika kuitwa malkia kwa maana hii ni William Dorsey Swann. Swann alizaliwa utumwani katika jimbo la Maryland. Baada ya utumwa kukomeshwa alihamia Washington, na huko katika miaka ya 1880 aliandaa dansi za siri katika nyumba za watu. Waalikwa wengi walikuwa wanaume Weusi, baadhi yao wakiwa wamezaliwa utumwani kama yeye, nao walivaa magauni ya hariri. Usiku wa tarehe 12 Aprili 1888 polisi walivamia sherehe yake. Swann, badala ya kukimbia, aliwakabili mlangoni, na magazeti ya jiji yakaeneza habari za kukamatwa kwa malkia.

Mwaka 1896 alihukumiwa kifungo cha miezi kumi kwa kosa la kuendesha nyumba ya fujo. Alimwandikia Rais Grover Cleveland kuomba msamaha, akakataliwa. Ombi hilo lina uzito wa kihistoria kuliko matokeo yake, kwa kuwa mtu aliyezaliwa akiwa mali ya mwingine alidai, kwa maandishi na mbele ya mamlaka ya juu kabisa ya nchi, haki ya kukutana na wenzake. Utafiti wa mwanahistoria Channing Gerard Joseph ndio uliomrejesha Swann katika kumbukumbu ya umma. Hadi hapo, mtu pekee aliyekuwa ameandika hukumu juu ya malkia huyo alikuwa hakimu wa mahakama.

3. Waamuzi wa ukumbini

Huko Harlem, New York, palikuwa na utaratibu mwingine. Chama cha kusaidiana cha Wamarekani Weusi kilichojulikana kama Hamilton Lodge kilianza dansi yake ya mwaka ya vinyago mwaka 1869. Kufikia miaka ya 1920 dansi hiyo ilivuta maelfu ya watu, Weusi kwa Weupe, na kilele chake kilikuwa shindano la mavazi. Mwandishi Langston Hughes aliyahifadhi mandhari hayo katika tawasifu yake, The Big Sea, ya mwaka 1940. Ruhusa hiyo, hata hivyo, ilikuwa ya usiku mmoja. Aliyeshangiliwa ukumbini usiku angeweza kukamatwa barabarani asubuhi kwa vazi lile lile.

Mgogoro kuhusu waamuzi ulidhihirika mwaka 1967 katika shindano la urembo la kitaifa lililofanyika New York na kurekodiwa katika filamu ya The Queen ya mwaka 1968. Miongoni mwa waamuzi alikuwa msanii Andy Warhol. Taji lilikwenda kwa Harlow, kijana Mweupe kutoka Philadelphia. Crystal LaBeija, mshiriki Mweusi, aliondoka jukwaani na, mbele ya kamera, akadai kwamba matokeo yalikuwa yamepangwa. Maneno yake yalikuwa makali, yenye mpangilio na yasiyo na woga. Yaliporekodiwa yalionekana kuwa hasira ya aliyeshindwa. Leo husomwa kama hati ya mashtaka.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyobadili historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 LaBeija na mwenzake Lottie waliandaa dansi ya malkia Weusi kwa jina la Nyumba ya LaBeija. Nyumba nyingine zikafuata, za Wamarekani Weusi na za Walatino. Nyumba haikuwa jengo. Ilikuwa ukoo wa hiari wenye mama, mara nyingine baba, na watoto waliochukua jina lake. Wengi wao walikuwa vijana waliofukuzwa makwao. Katika dansi za nyumba hizo kiti cha mwamuzi kilikaliwa na watu waliotoka miongoni mwa washindani, na vigezo viliwekwa nao. Mojawapo ya vigezo hivyo kilikuwa uwezo wa kuigiza mtu wa kawaida, kama vile meneja, mwanafunzi au askari, bila kugundulika. Kwa kijana aliyehitaji kupanda treni kurudi Harlem akiwa amevaa gauni, ustadi huo haukuwa mchezo. Kutogundulika kulikuwa usalama wake.

4. Istilahi na hazina ya Kiswahili

Lugha ya nyumba hizo ilijulikana kwa umma kupitia filamu ya Jennie Livingston, Paris Is Burning, iliyotoka mwaka 1990. Humo malkia mkongwe Dorian Corey anafafanua vitendo viwili vya lugha. Cha kwanza huitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kusoma: kumtazama mtu, kuona dosari yake na kuitamka kwa ufundi mbele ya watu. Cha pili huitwa kwa neno lenye maana ya kivuli: dosari haitamkwi, bali huachwa mhusika mwenyewe ajue kwamba imeonekana.

Tafsiri ya neno kwa neno haifai hapa. Katika Kiswahili, kumsoma mtu ni kumchunguza tabia yake kimyakimya, na kivuli ni hifadhi zaidi kuliko shambulio. Hata hivyo, Kiswahili kina msamiati mpana wa vitendo vya aina hii. Kitendo cha pili kinakaribiana na kijembe na fumbo, ambapo msemaji hujihifadhi kwa kutomtaja mlengwa. Ndivyo ilivyokuwa katika taarabu ya mipasho ya Dar es Salaam katika miaka ya 1990, wakati wa ushindani wa vikundi vya TOT na Muungano: hadhira ilijua nani anaambiwa, ilhali wimbo haukumtaja. Kitendo cha kwanza kinakaribiana zaidi na kusuta, yaani kumkabili mtu hadharani na kumwambia la kweli usoni pake.

Ulinganisho huu ni wa dhima. Haudai uhusiano wa chimbuko, na una mpaka wake. Anayesuta ana kisa: ametendewa jambo, na huja na mashahidi. Malkia anayemsoma mwenzake hana kisa. Anashindana naye, na kwa maelezo ya Corey usomaji wa kweli huwezekana baina ya watu wa hali moja tu. Tusi kutoka kwa mtu wa nje hubaki tusi. Likitoka kwa mwenzako anayebeba mzigo ule ule, hugeuka sanaa. Sharti hili la usawa ndilo litakalojaribiwa na runinga.

Istilahi ya mama nayo inastahili kutazamwa. Mama wa nyumba humpa kijana jina, humfundisha kujipamba, kutembea na kujihami kwa maneno. Katika Kiswahili cha pwani neno somo hubeba pamoja maana mbili zinazokutana hapa: mtu mnayeshiriki jina, na mwanamke anayemfunda msichana. Mama wa nyumba si somo, lakini neno hilo humsaidia msomaji wa Kiswahili kuelewa kwamba jina na mafunzo vinaweza kutoka katika mkono mmoja bila kupitia damu.

5. Mwamuzi wa runinga

RuPaul Charles, mzaliwa wa San Diego wa mwaka 1960, alikulia kisanaa katika kumbi za Atlanta na New York. Wimbo wake wa Supermodel wa mwaka 1992 ulimfanya kuwa malkia wa kwanza Mweusi kujulikana kote Marekani, na kati ya mwaka 1996 na 1998 aliongoza kipindi chake cha mazungumzo katika idhaa ya VH1. Shindano alilolianzisha mwaka 2009 pamoja na kampuni ya World of Wonder lilichukua vipengele vya kumbi na kuvipa umbo la runinga. Kila wiki washiriki hupewa kazi, hupita mbele ya waamuzi, na wawili waliofanya vibaya zaidi hushindana kwa kuigiza wimbo kwa midomo. Mmoja huaga. Kuanzia msimu wa pili, usomaji wenyewe uligeuzwa kuwa mchezo mfupi wa kila msimu, ambamo RuPaul hutangaza kwamba maktaba imefunguliwa.

Mabadiliko matatu yanaonekana. Kwanza, uamuzi wa mwisho umo mikononi mwa mtu mmoja. Waamuzi wengine hushauri tu. Pili, hukumu hupitia kwa mhariri wa picha, ambaye huchagua neno lipi lisikike na machozi yapi yaonekane. Tatu, hadhira si tena watu wa hali moja. Usomaji uliotegemea usawa husikika sasa na mamilioni wasioubeba mzigo wake. Mwaka 2017 kamusi ya Merriam-Webster iliingiza usemi wa kutupa kivuli. Usemi wa vijana wasio na makao ukawa mali ya kamusi, na wengi wanaoutumia hawajui ulikotoka.

Suala la mali si la kinadharia. Baada ya Paris Is Burning kufanikiwa, baadhi ya walioonekana humo walidai sehemu ya mapato, na hatimaye fedha kiasi ziligawanywa miongoni mwa washiriki kadhaa. Shindano la runinga limebadili hali hiyo kwa kiwango fulani: malkia hutambuliwa kwa jina, husafiri na hulipwa kwa maonyesho yake. Zawadi nayo ilipanda hadi dola 200,000 katika msimu wa 15. Lakini washiriki hujigharimia kwa kiasi kikubwa mavazi yao, hivyo kwamba anayefika na kitu huongezewa, na asiye nacho huhukumiwa kwa kutokuwa nacho.

Swali la nani astahili kushindana liliibuka upya pia. Mwaka 2014 mchezo mmoja wa kipindi uliotumia neno la dharau dhidi ya wanawake waliobadili jinsia ulilaumiwa, na idhaa ikaliondoa neno hilo. Mwaka 2018 RuPaul alilieleza gazeti la The Guardian kwamba huenda asingempokea mshiriki aliyekwisha kubadili mwili wake. Alipolaumiwa, aliomba radhi. Mwaka 2021 Kylie Sonique Love, ambaye mwaka 2010 alikuwa amejitambulisha kuwa mwanamke aliyebadili jinsia, alishinda toleo la washiriki wanaorejea. Yale aliyoyadai Crystal LaBeija mwaka 1967, kwamba vigezo vyenyewe vihukumiwe, yalirudi yakielekezwa kwa mwamuzi Mweusi aliyetokana na sanaa ile ile.

6. Hitimisho

Tarehe 2 Machi 2023 Gavana wa Tennessee alitia saini sheria ya kuzuia maonyesho ya waigizaji wa jinsia nyingine mahali ambapo watoto wangeweza kuyaona. Miezi mitatu baadaye jaji wa shirikisho aliitangaza kuwa inakiuka katiba, na mwaka 2024 mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi huo kwa hoja kwamba walioshtaki hawakuwa na haki ya kufungua shauri. Kwa hiyo, miaka 135 baada ya polisi kubisha kwa Swann, na wakati ambapo shindano la malkia lilikuwa likionyeshwa kila wiki kwenye runinga, hakimu wa mahakama alirudi kwenye kiti.

Historia hii inaonyesha kwamba kuonekana na kulindwa ni mambo mawili tofauti. Swann alilindwa na siri, siri ikavunjwa. LaBeija alionekana, asisikilizwe, akajenga nyumba yake. Malkia wa runinga anaonekana kuliko wote waliomtangulia, lakini kiti anachohukumiwa kwacho si chake. Kilichovuka vipindi vyote bila kukatika ni lugha: jina linalotolewa na mama, neno kali linalonolewa baina ya walio sawa, na cheo cha malkia ambacho mtu aliyezaliwa utumwani alikivaa kabla ya yeyote kumpa ruhusa. Kwa wanaoutafiti usemi wa mafumbo na malumbano katika Kiswahili, kisa hiki kinakumbusha kwamba swali la nani anasema halitoshi. Sharti liulizwe pia nani anasikiliza, na nani amepewa haki ya kuamua kwamba neno limefika.